Mratibu wa Kanda na Chumba cha Udongo

Jumatatu, 4 Machi
Kanda hii ingekuwa na macho, ingekuwa imeshanichongea sanamu. Leo kituo cha afya kimekiri kwamba bila mimi hakiendi. Hawakutamka hivyo, lakini nilikuwepo. Sista mkuu katangaza kikaoni kwamba chumba cha udongo, wanamofinyanga waliopigwa na kiharusi, kitageuzwa stoo ya magodoro, isipokuwa vituo viwili jirani vikubali kushirikiana nacho kabla ya Ijumaa kwisha. Dada yangu hufinyanga humo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Sasa unashika kikombe. Nikasimama, nikasema niachieni mimi. Chaki, mwalimu mstaafu anayejifanya katibu wa kila kikao, akauliza kwa cheo gani. Mratibu wa Kanda, nikamjibu. Cheo kilinijia nikiwa nimesimama. Kimenikaa.

Jumanne, 5 Machi
Barua mbili. Kituo cha mlimani nimekiandikia kwamba wa mtoni wameshakubali, wanasubiriwa wa mlimani tu. Cha mtoni nimekiandikia vivyo hivyo kuhusu mlimani. Nani anataka kuachwa nyuma? Akili hii haifundishwi darasani, ndiyo maana niliondoka darasani mapema. Chaki kaomba azipitie, eti asahihishe. Nimemnyima. Wivu utamuua. Dada kaniangalia ninavyoingia, akasema, we mdogo wangu, umeshadanganya watu, naona mwendo wako.

Jumatano, 6 Machi
Wote wamekubali! Wote wanakuja Ijumaa. Balaa ni hili: kila kituo kinaomba kukutana na mwenzake, kijifunze kwa aliyetangulia. Nimewapangia: mlimani saa nne, mtoni saa sita. Hawataonana kamwe.

Alhamisi, 7 Machi
Chaki kapanga viti vyote chumba kimoja. Nimevitoa. Kavirudisha. Nimevitoa. Mwisho kakalia kimoja, akafungua gazeti. Dada kaniomba nimkandie udongo. Nikamweleza kwamba mimi ni utawala, sishiki matope. Akasema chumba kikifungwa na mkono ukalala tena, nitamshikia kikombe mimi, asubuhi na jioni, mpaka mmoja wetu afe.

Ijumaa, 8 Machi
Mtoni wamefika saa nne na robo, eti walipata lifti. Nimewaweka kwenye stoo, nikaiita ofisi ndogo. Nikawa nakimbia na sinia la chai huku na huku, hawa nawaambia wenzao wako njiani, na wale vivyo hivyo. Wakakutana mlangoni pa choo. Mkubwa wa mlimani, mama mmoja mwenye sauti ya kuita mbali, akamshukuru wa mtoni kwa kuwatangulia. Wa mtoni akasema, sisi? Sisi si tumewafuata nyinyi? Wakanigeukia wote. Nikasema hilo nililiona mapema.

Dada akaja na kikombe chake, mkono wa kushoto, taratibu, akakitua mezani bila kumwaga chai. Akasema huyu mdogo wangu mwongo tangu anatambaa, ila mkono huu si uongo. Yule mama akamwomba anyanyue tena. Akanyanyua. Wakasaini, wao kwa wao, chumba kitumiwe na vituo vyote vitatu. Mwenyekiti: Chaki. Mimi: chai. Na Sista, aliponiona nahema kama nimetoka mbio za magunia, kaniandika kundi la wafinyanzi wa Jumanne. Si kama mgonjwa. Kama balozi, nadhani.

Jumanne, 12 Machi
Ushirikiano niunde mimi, apigiwe makofi Chaki. Sawa. Nimeshakiandikia kituo cha nne, kwamba vile vitatu haviwezi kulala bila wao. Nimesaini: Mratibu wa Kanda Zote.

Kabla ya kufinyanga, kila mtu hupimwa presha. Wote walioniuliza nimewaambia nilikunja mkono wa shati mwenyewe, nikampa Sista mkono bila kupepesa jicho. Humu hasomi mtu, basi niandike. Ule mkanda wa kipimo ulipoanza kubana, nilifumba macho nikamkamata mkono Chaki, aliyekuja kutukagua. Sista anasema kipimo kilikwisha zamani, mashine ikarudi kabatini, na mimi bado nimemshikilia.