Fahali Wangu ni Mbebaji

Jumatatu, 4 Machi
Mbebaji! Fahali wangu Bwana Harusi ni mbebaji! Majibu ya nywele za mkia yametoka maabara, binti yangu kanisomea kwenye simu. (Hujambo, shajara.) Mtandao ukakatika kabla hajamaliza, lakini nilishasikia la muhimu. Si ajabu, kwa mgongo ule! Nikamtangazia jirani yangu Mama Midomo palepale uani. Akauliza anabeba nini. Nikamjibu anabeba sifa, mwenzangu. Akarudi ndani kwake! Raha iliyoje.

Jumanne, 5 Machi
Msiba. Binti kaja mwenyewe. Ndiye daktari wa mifugo, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe, na linampendeza kweli. Kumbe mbebaji ni mwenye ugonjwa wa kurithi uliojificha damuni. Mwenyewe anang'ara, ila akikutana na jike mbebaji mwenzake, ndama anaweza kuzaliwa miguu imejikunja, akafa. Kwa hiyo Bwana Harusi ahasiwe. Ahasiwe! Na majike ya mtaa mzima yanapanga foleni langoni kwangu! Nikasema maabara wamechanganya nywele. Akashusha pumzi, akakubali tupime tena. Kaniachia bahasha: ning'oe nywele na mizizi yake.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni mali. Fahali wa Mama Midomo alipimwa zamani, akaonekana safi. Nikaenda kuomba chumvi. Alipoingia jikoni, nikazama zizini. Giza, mavi mpaka kwenye vifundo, mkia ukanichapa usoni. Nikang'oa, nikapigwa teke, nikatoka na nywele. Chumvi nikaisahau.

Ijumaa, 15 Machi
Majibu: safi kabisa. Na jike.
Binti kaniuliza kwa upole, kama anavyowauliza wagonjwa wake, tangu lini Bwana Harusi amekuwa ng'ombe jike. Nikamwambia dunia imebadilika, mwanangu. Akacheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akainuka. Akasema yule ndama wa Mama Midomo aliyezaliwa miguu imejikunja mwaka jana, mtoto wa Bwana Harusi, alihangaika kutwa nzima kabla ya kufa, yeye binti akiwa amempakata kichwa. Nikaenda kuleta kamba. Mimi!
Nikamshika fahali kamba mwenyewe. Kahasiwa. Mama Midomo kaja kunipa pole, macho yake yalishacheka njiani.

Jumapili, 17 Machi
Nimebadilika. Nimemwahidi binti, tumekumbatiana, nimelilowesha koti lake. Bwana Harusi anakula kama hakuna kilichotokea.
Sasa. Kwa dada yangu kuna dume kijana, kifua kama mlango, macho ya baba yake. Baba yake ndiye Bwana Harusi. Huyu hajapimwa, na asiyepimwa hana ugonjwa. Analetwa kesho. Binti anasafiri kwenda semina wiki nzima; ndiye mtoa mada, wamemchagua yeye kati ya wote! Nimewanong'oneza wenye majike, hata Mama Midomo: waje wote Alhamisi.