Pambano la Tano na Liberatus

Jumatatu, 2 Juni 2025. Soweto, Mbeya.

Kamati ya Maandalizi ya Pambano la Tano imekutana saa nne asubuhi, sebuleni kwangu. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi. Mtunza muda: mimi. Akidi ilitimia. Hakuna aliyepinga hoja.

Hoja ni hii. Mwaka 1987, Mbeya, nilimshinda bondia mwenzangu, Liberatus wa Ilula, kwa pointi. Mwaka 1988, Iringa, akanishinda. Mwaka 1990 akanishinda tena, jicho langu la kushoto likiwa limefumba kabisa. Mwaka 1991 nikamshinda kwa pointi moja, ambayo watu wa Iringa wanaibishia hadi leo, kama bado wapo wanaoikumbuka. Mbili kwa mbili. Pambano la tano lilipangwa mwaka 1993. Liberatus akaoa wiki hiyohiyo, pambano halikufanyika. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mitano. Sijawahi kuacha swali ubaoni bila jibu.

Barua ya changamoto, yenye mhuri wa kamati, nimeikabidhi kwa kondakta wa basi la Dar, aishushe Ilula.

Jumatano, 4 Juni.

Jibu limerudi kwa basi, nyuma ya barua yangu mwenyewe. Dharau ya kwanza. Limeandikwa: Gwakisa, kumbe uko hai? Njoo Jumamosi. Nimelichambua kwa saa moja. "Kumbe uko hai" ni kitisho. "Njoo" halitaji raundi wala uzito. Ni uzembe, au mtego.

Jibu liliambatana na ndoo ya nyanya. Nimeifunika hadi kamati iamue.

Baadaye: kamati imeamua. Nimekula nne.

Alhamisi, 5 Juni. Uyole.

Uzito wetu ulikuwa wa kati, ukomo kilo sabini na tano. Sina mizani. Nimekwenda kwenye ghala la viazi la Tusekile, jirani yangu, anayenunua kwa wakulima na kuuza kwa watu wa malori. Kulikuwa na mizani mbili. Nikapanda iliyokuwa karibu na mlango. Tusekile akauliza, Mwalimu, leo unajiuza kwa kilo au kwa gunia? Wanawake waliokuwa wakichambua viazi wakacheka hadi wakaacha kazi. Nikanyoosha mgongo. Mshale ulisimama kwenye sabini na tano kamili. Nikamtaka aweke sahihi kama shahidi. Akaweka, akaniambia nyumba yangu imepoa mno, nije Jumapili nile na wanawe. Nimekataa. Bondia hubadilisha mlo baada ya pambano, si kabla.

Jumamosi, 7 Juni. Ilula.

Basi liliposimama, umati ulilikimbilia ukipaza sauti. Nilitarajia watazamaji wachache. Nikainua mkono wa kulia kuwasalimu. Walikuwa wakiuza nyanya na vitunguu.

Liberatus ana kitambi, na goti lake la kulia halikunjiki. Akanikumbatia mbele za watu, jambo lisiloruhusiwa kabla ya kengele. Kamwene, Mnyakyusa, akanisalimu kwa Kihehe. Umeiva kama ndizi iliyosahaulika darini. Nikamjibu kwamba maneno hayahesabiwi pointi. Nikadai tupimwe.

Tukaenda zahanati. Yeye: themanini na nane. Nikatabasamu. Mimi: themanini na mbili. Nikavua viatu, koti, na saa. Themanini na mbili. Nikamwambia muuguzi kwamba mizani yake ni mbovu. Akasema, baba, mizani haijagombana na wewe.

Liberatus alicheka hadi akakalia kreti la nyanya lililokuwa barazani. Kisha akaomba kalamu. Akaandika kwamba yeye, Liberatus, amekubali kushindwa, tatu kwa mbili, na hana kinyongo. Mkewe, Benedicta, aliyekuwa ametufuata, akatia sahihi pembeni. Liberatus akasema kwa kuwa sasa yamekwisha, nikae wiki nzima. Chumba kipo, na wajukuu wanadhani anaongopa kila anapowasimulia raundi ya tatu ya mwaka 1990. Wewe ndiye pekee uliyekuwepo, akasema.

Nikamweleza kwamba kanuni haziruhusu mabondia wawili kulala chini ya paa moja. Benedicta akauliza kanuni za nani. Za kamati, nikamjibu. Nyumbani kwao alikwisha kuchinja kuku. Nikala nikiwa nimesimama uani, nje ya paa, kwa mujibu wa kanuni. Liberatus akatoka na sahani yake akasimama kando yangu, akiegemea ukuta kwa sababu ya goti. Nikapanda basi la saa tisa.

Jumapili, 8 Juni.

Tusekile amekiri bila haya. Ile ya mlangoni ni mizani ya kununulia. Ya kuuzia iko ndani. Ungekuwa unauzwa, Mwalimu, ningekupimia ya ndani, ungezidi hata mia. Nikamuuliza kama si dhambi kumpunja mkulima kilo saba. Akasema nao huweka udongo kwenye gunia. Akanikumbusha chakula. Nikasema nina kazi.

Nimelisoma tamko la Liberatus mara sita. Nimeshinda. Miaka thelathini na miwili nimeusubiri ushindi huu, na sioni wa kumwonyesha. Nikaliweka mezani, nikalihamishia kabatini, nikalirudisha mezani. Kisha nikagundua dosari: matokeo haya yakisimama, kamati haina kazi tena, na mimi sina sababu ya kuandikia Ilula.

Jumanne, 10 Juni.

Kikao cha dharura. Ushindi umebatilishwa kwa kauli moja. Aliyeshinda alizidi uzito. Aliyeshindwa alizidi zaidi. Ngumi haikurushwa hata moja. Mbili kwa mbili. Pambano litarudiwa Agosti. Barua imeondoka na basi la asubuhi, yenye mihuri mitatu. Nimeongeza kifungu kinachokataza kukumbatiana.

Liberatus amepiga simu saa tatu, saa sita, na saa kumi. Benedicta ametuma ujumbe kuuliza kama nilifika salama. Mbinu ya wazi kabisa: wanataka nilegee. Sikupokea hata moja. Simu nimeileta jikoni, nimeiegemeza kwenye sufuria, na sauti nimeipandisha hadi mwisho, nisije nikapitwa na jaribio lao la tano.