Ombi la Kung'oa Injini ya Gari-Nyumba

Kwa Fundi Mkuu,
Gereji ya chini ya mteremko,
Ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Ndugu Fundi,

YAH: KUNG'OLEWA KWA INJINI YA GARI-NYUMBA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono ikiwa na grisi kama kawaida. Tafadhali nawa kwanza kabla ya kugeuza ukurasa, maana nakusudia uitunze. Nakuandikia kiofisi kwa sababu njia ya kindugu imegoma. Kila nikikupigia simu kukueleza jambo hili unacheka, na mara ya mwisho fundi wako mmoja alilazimika kupokea simu na kuniambia, "Mzee, subiri kidogo, bosi amekaa chini." Kwenye barua unaweza kucheka utakavyo, nami nitaendelea kueleza bila kukatizwa.

Nianze na kosa wanalofanya watu wengi. Wengi wakipata gari-nyumba hudhani wamepata gari. Hulitia mafuta, wakapiga honi, wakaondoka. Mimi, niliyefundisha jiografia mpaka wanafunzi wangu wakawa walimu wa wajukuu zangu, nimelichunguza jambo hili kwa utulivu na nimegundua kwamba gari-nyumba ni nyumba. Tena ni nyumba nzuri, nami nakupongeza. Lile basi kuukuu lililokuwa likibeba wachezaji wa mpira umelitia kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati, meza ya kukunja na mapazia ambayo hata mke wangu, shemeji yako, ameyasifu, naye si mwepesi wa kusifu. Kasoro yake ni moja tu: linakwenda.

Safari yenyewe unaijua. Ni kutoka hapa hadi kwa Dada, upande wa pili wa nchi, kule lami inakoishia. Dada ndiye aliyetulea sote wawili, na sasa magoti yake hayamruhusu kupanda basi. Mgongo wangu nao haukubali kukaa kwenye kiti cha basi mchana kutwa. Ndipo ukaja na wazo la nyumba yenye magurudumu, ili nikichoka nijinyooshe. Nilimwahidi Dada kwamba tutafika kabla ya mvua. Mvua zimekuja, zimekwenda, nami bado niko katika maandalizi. Kila akipiga simu huuliza, "Mmefika wapi?" Nami humjibu kwa ukweli kabisa kwamba tumefika mbali sana katika kupanga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Vyombo. Siku ya majaribio tulizunguka mtaa mara moja tu. Pale kwenye kona ya duka la simu kuku alikatiza, nikakanyaga breki. Kabati likafunguka, sufuria zikateremka kwa kufuata ukubwa wake, na mwisho wa msafara mfuniko mmoja ukabingirika mpaka mbele, ukanigonga kisigino kama abiria anayeomba kushushwa. Katika nyumba yangu ya matofali sufuria hazijawahi kunifuata. Utasema uliweka komeo kwenye kabati. Nimeliona. Lakini niambie, ni nyumba gani duniani ambayo mtu hulazimika kufunga komeo la kabati kwa sababu ya kuku aliye nje?

2. Maji. Tangi likiwa na maji, gari likikata kona maji nayo hukata kona, ila yanachelewa kidogo, na yakifika yanafika kwa pamoja. Nilimwonyesha shemeji yako jambo hili sebuleni kwa kutumia beseni, nikitembea kwa mwendo wa wastani. (Zulia bado liko kwenye kamba.) Akasema, "Mwalimu, jaza nusu." Nikamweleza kwamba nusu ndiyo huyumba kuliko zote. Akasema, "Basi jaza yote." Nikamweleza kwamba tangi lililojaa ni zito, litatulemea mlimani. Akasema, "Basi usijaze." Hapo ilinibidi nimkumbushe kwamba safari haipangwi kwa hasira.

3. Kimo. Gari hili ni refu kwenda juu kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Nilipima kimo chake kwa fito za mapazia nilizoziunganisha, nikazibeba kwa miguu hadi kwenye daraja la reli, nikazisimamisha chini yake. Kina mama wawili waliokuwa wakiuza nyanya wakanisogelea wakaniuliza umeme utarudi lini. Nikawajibu kwamba mimi si mtu wa umeme, ni mtu wa safari. Mmoja akamwambia mwenzake, "Ndivyo wanavyosema siku zote." Fito zilipita chini ya daraja bila kugusa, nakiri. Lakini fito zilikuwa zimesimama. Hakuna anayejua zingefanya nini kama zingekuwa kwenye mwendo.

4. Usukani. Shemeji yako, kama unavyojua, ni muuguzi mstaafu, na zahanati yao ilipokosa dereva aliendesha gari la wagonjwa. Tangu siku ya kuku amekuwa akisema, "Nipe usukani, wewe kaa usome ramani." Ni pendekezo la busara, ila lina tatizo. Ramani ya njia nzima nimeichora mwenyewe, nikaweka kila mto, kila mwinuko na kila kituo cha mafuta, na ukubwa wake sasa unalingana na shuka. Nikiikunjua, dereva haoni mbele. Nilipomweleza hayo akasema, "Mwalimu, barabara ya kwenda kwa wifi yangu ni moja tu tangu nimeolewa." Ni kweli ni moja. Lakini ina kona.

5. Betri. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo hoja yangu inapokomaa. Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, nami niliamua tufanye mazoezi ya kuishi safarini. Nikafunga nyumba ya matofali, tukahamia kwenye gari, uani kwetu, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Sharti lilikuwa kwamba hakuna kurudi ndani kuchukua kitu, kwa kuwa njiani hatutakuwa na pa kurudi. Shemeji yako alikaa bila miwani yake siku nzima kwa kulitii sharti hilo, na naandika hapa kwamba hakulitii kwa furaha. Sasa, mimi sikujua kwamba feni, taa na redio hunywa betri ileile inayowasha injini. Ulipotengeneza ulinieleza, lakini ulinieleza ukiwa chini ya gari, na sauti ilikuwa haitoki vizuri. Asubuhi injini haikuguna hata kidogo. Ukaja, ukaifungua betri, ukaenda kuichaji gereji, ukasema, "Kaka, siku ukiwa tayari niambie tu. Naileta saa hiyohiyo."

Tangu uondoke na betri, ndugu yangu, gari hili limepona maradhi yote. Sufuria zimetulia kabatini. Maji yamelala tangini kama mtoto aliyeshiba. Daraja haliko juu yetu, na kona zote ziko mbali. Jirani yetu fundi cherehani huja kukaa kwenye ile meza ya kukunja na kutia uzi kwenye sindano, anasema mwanga wa pale hauna mfano. Hata yule kuku wa kwenye kona, au anayefanana naye sana, ametaga chini ya gurudumu la nyuma.

Kwa mtu aliyezoea kufikiri kwa mpangilio, maana yake iko wazi. Kasoro za nyumba hii zote zinatokana na injini. Ikiwaka, tunapata matatizo. Isipowaka, tunapata amani. Wewe ni fundi, na kazi ya fundi ni kuondoa chanzo cha tatizo.

6. Geti. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu halina rufaa. Tuseme umeyatatua yote hapo juu. Tuseme tumefika. Je, tutaingia wapi? Nilimwomba Dada apime upana wa geti lake. Hana futi, akapima kwa ufagio wake, ule wenye mpini mrefu, akasema geti ni ufagio mmoja na nusu na ushee. Vipimo vya namna hiyo haviniridhishi. Nikamwomba anitumie ufagio. Akauliza, "Sasa mimi nitafagia na nini?" Nikamwambia ni kwa muda tu. Akamkabidhi kondakta, ukaja kwa basi, umefungwa gazeti kichwani, nami nimeupima na kuuzidisha. Gari limelizidi geti kwa upana wa kiganja. Kuegesha nje haiwezekani, maana mbele ya nyumba yake ni mtaro na njia ya watu. Sitasafiri kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwingine ili nimpungie mkono dada yangu juu ya ukuta.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uje na vijana wako mng'oe injini. Mahali pake tengeneza kabati la vitabu. Betri kaa nayo, mpe mtu mwenye haraka. Naomba pia, ukiwa mtaalamu, umpigie Dada umweleze kitaalamu kwamba nyumba haisafiri. Mimi nimejaribu kumweleza mara nyingi, lakini nikifika katikati huniuliza kama bado napenda chai yangu iwe na tangawizi nyingi, nami hupotewa na hoja.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie mkeo, shemeji yangu, kwamba yale mapazia ya ziada aliyoshona yamekaa vizuri, na fito zake nitazirudisha zikishaoshwa. Wanao nimezipokea shikamoo zao. Wasalimie na mafundi wako, pamoja na yule ambaye siku zote nikija yuko chini ya gari. Sura yake siijui, lakini viatu vyake navijua, na naona kile cha kushoto kinahitaji kushonwa.

Nikisubiri utekelezaji, nabaki,

Kaka yako,
Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Mwenye nyumba ambayo kwa sasa ina magurudumu.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha Dada alipopiga simu. Nikaona ni vema nimpe uamuzi mwenyewe, kiungwana, nikaanza na namba sita. Nikamweleza habari ya kiganja.

"Geti?" akasema. "Geti si nilishabomoa."

Nikamuuliza amebomoa nini. Akasema siku ileile niliyomwomba ufagio alijua kuna mambo ya upana, akamwita mwashi, wakaiangusha nguzo ya kushoto na kipande cha ukuta. "Hata ukija na treni utapita," akasema. Tangu hapo uwanja wake uko wazi. Mbuzi wa jirani wameionja bustani yake ya mboga na wameipenda. Basi ameweka kiti pale palipokuwa na nguzo, na ndipo anaposhinda tangu asubuhi, na magoti yake yale, akizuia mbuzi. "Nimekuwa mlinzi wa geti ambalo halipo," akasema, akacheka, akakohoa. "Sijengi mpaka mpite. Ila ningekuwa na ufagio ingekuwa rahisi. Hawa mbuzi hawasikii mdomo mtupu."

Nikaenda kuuleta ufagio.

Shemeji yako alikuwa amesikia yote, kwa sababu Dada huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Amefunga komeo la kabati. Amelijaza tangi lote. Ufagio ameufunga kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva, na kwenye kiti hicho amekaa yeye, miwani usoni. Kuku tumemhamishia kwa fundi cherehani pamoja na mayai yake. Mimi nimeikunja ramani ikawa ndogo, imeingia mfukoni.

Injini iache hapo ilipo. Leta betri leo.