Silabi Saba za Mgeni Rasmi

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeshinda! Kikao cha walimu kimeisha na vipindi vya muziki bado ni vyangu, darasa la kwanza mpaka la saba. Madam Eveline alinyoosha mkono, akasema yeye anaongoza kwaya kanisani kwao hapa Ilomba, nota anasoma, kwa hiyo yuko tayari kunisaidia. Kunisaidia! Namjua huyu. Leo kusaidia, kesho vipindi vyote vyake. Nikasimama nikawakumbusha walimu wenzangu kwamba mimi, Ezron, nimesomea muziki Iringa. Sikuona haja ya kueleza kwamba ilikuwa semina ya siku mbili, na siku ya pili nilikuwa naumwa tumbo.

Mwalimu mkuu, Madam Severina, akasema haya, tutaona kwenye mahafali ya darasa la saba wiki ijayo. Wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi ukipendeza, nabaki na muziki. Ukiharibika, muziki anachukua Eveline, mimi narudi kusimamia bustani ya kabichi.

Kabichi! Mwaka jana mzima nilinuka kabichi mpaka kanisani.

Jumanne, 19 Agosti

Mgeni rasmi amejulikana. Mzee Andendekisye, tajiri wa mpunga wa Chimala, alisoma hapa hapa. Inasemekana kuna shule walimwimbia vizuri akawapa madawati. Mimi sitaki madawati. Nataka kinanda. Cha shule, ila ufunguo nikae nao mimi.

Tatizo ni watoto. La kwanza wanaimba kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. La tatu hawajui kuanza pamoja, la nne hawajui kuacha. Wavulana wa la sita sauti zinawakatika, wanaona haya, wanafumba midomo. La saba wanajiona watu wazima. Wimbo mmoja utawaingiaje wote hawa?

Jibu limenijia nikiwa na kijiko cha makande mdomoni. Ba-ba A-nde-nde-ki-sye. Saba! Silabi saba, madarasa saba! Kila darasa na silabi yake moja. Nani atashindwa silabi moja? Mzee atasikia jina lake likipanda kutoka kwa wadogo mpaka kwa wakubwa, machozi yatamtoka, kinanda kitakuja na spika zake. Jamani, kichwa hiki!

Nimempigia simu kuhakikisha kwamba atakuja yeye mwenyewe. Amesema bila shaka.

Alhamisi, 21 Agosti

Mazoezi. La kwanza wamepewa "Ba" na wameipenda kupita kiasi. Ba mstarini, Ba chooni, Ba kwenye foleni ya uji. Mama mmoja amekuja kulalamika kwamba mwanawe anaiimba hata usingizini. La nne na la tano wote wana "nde", basi imekuwa vita, kila darasa linataka nde yake isikike mpaka Mwanjelwa. La sita "ki" yao inatoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Baadaye akaja Nyamizi, kiranja wa la saba. Anakaa hapa kwa shangazi yake, wazazi wako Usangu na ng'ombe wao. Akaniamkia vizuri, akasema wenzake wanaomba wimbo wao wenyewe, wa kuwaaga wadogo zao, maana wakishamaliza mtihani watatawanyika na wengine hawataonana tena. Nikamwambia nyinyi mna "sye". Ndiyo ya mwisho, ndiyo yenye heshima zote. Akasema sawa mwalimu. Lakini uso wake haukusema sawa.

Nilijisikia vibaya sana mpaka saa ya chai. Chai ilikuwa na maandazi.

Jumatatu, 25 Agosti

Usaliti! Nimewasikia la saba wakivuma sauti ndani ya stoo ya majembe, na sauti ya Madam Eveline ikiwa katikati yao. Ananiibia "sye" yangu! Nikazunguka kimyakimya kwa upande wa bustani, nikageuza ndoo, nikapanda nichungulie dirishani. Sikuona kitu. Ndoo ilipasuka, nikaanguka kifudifudi kwenye kabichi.

Eveline akatoka mbio, akauliza kama nimeumia. Nikasema nakagua wadudu. Akanitoa jani kichwani, akaniambia pole, akarudi ndani. Unafiki ulioje.

Jumatano, 27 Agosti

Leo imekaa! Jina zima limetoka bila kukwama hata mahali pamoja, kutoka Ba mpaka sye. Nimesisimka mwili mzima. Hata Madam Severina ametikisa kichwa kwa kukubali, na yeye si mtu wa kutikisa kichwa ovyo.

Eveline akapiga makofi, kisha akanivuta pembeni. Akashauri niwe na wimbo wa akiba usiotaja jina, kwa sababu wageni rasmi wana tabia ya kutuma wawakilishi. Nikacheka sana. Wivu huo! Nikamweleza kwamba nimeongea na mzee mwenyewe, kasema bila shaka.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimefika nyumbani, naandika.

Turubai limefungwa, wazazi wamejaa, MC anajaribu maiki. Gari linaingia. Mlango unafunguliwa. Anashuka mama mmoja mnene aliyevaa kitenge, anatabasamu. MC anatangaza kwamba Mzee Andendekisye amepata dharura, amemtuma dada yake, Mama Pendo.

Ma-ma Pe-ndo. Nne! Madarasa saba, silabi nne! Mungu wangu!

Nikakimbia nyuma ya mistari nikigawa upya. La kwanza acheni Ba, semeni Ma. Wakaanza kulia. La pili Ma. La tatu Pe. La nne Ndo. La tano, la sita na la saba, nyamazeni kabisa, msinitie aibu. Nyamizi akaniuliza taratibu, hata leo mwalimu, siku yetu? Nikaenda mbele nikanyanyua mikono.

La kwanza: Ba! La pili: Ma! La tatu, Mungu awabariki: Pe! La nne wakasahau: Nde! La tano wakaona haiwezekani la nne waimbe nde peke yao, wakaunguruma: NDE! Mvulana mmoja wa la sita, sijui nani alimtuma: Ki! La saba, kimya. Walinitii. Hao peke yao ndio walionitii.

Mama Pendo akamgeukia MC, akauliza kama hilo ni jina lake. Wazazi wakacheka. La kwanza kuona watu wanafurahi, wakaendelea Ba, Ba, Ba. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliziona kabichi mbele yangu, tuta baada ya tuta.

Mara Eveline akainuka, anakuja. Nikajua basi, anakuja kuchukua vipindi vyake hadharani. Akaninong'oneza kwamba la saba wana wimbo. Wamejitungia wenyewe, yeye amewanyoosha sauti tu. Nisimame pale pale niwaongoze, kwa sababu wamezoea mikono yangu. Akarudi kukaa.

Nikanyanyua mikono. Wimbo wenyewe siujui hata neno! Nyamizi akaanzisha na wenzake wakaingia, wavulana chini, wasichana juu, na mimi nikawafuata nyuma na mikono yangu. Wakayaaga madarasa moja baada ya jingine. Wakiwataja la sita, la sita wanaitikia, hata wale wenye sauti mbovu. Wakawaambia la kwanza wasiogope darasa la pili. Na la kwanza wakarudisha Ba yao, safari hii pole pole, na sijui ilikuwaje, ikakaa mahali pake kabisa.

Kisha wakanitaja. Kwamba walipokuwa la tatu, mvua inapiga bati hakuna kinachosikika, Mwalimu Ezron aliacha somo akawafundisha kupiga makofi kufuata mvua. Mimi nilishasahau! Siku ile nilifanya vile kwa sababu sikuwa nimeandaa kipindi.

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya wazazi wote. Kina mama nao vitenge machoni. Wimbo uliisha na mimi bado napunga mikono, Nyamizi akanifanyia ishara kwamba mwalimu, tumemaliza.

Mama Pendo akasema ndaga fijo, asante sana, wimbo wa kwanza hakuuelewa lakini wa pili atamsimulia kaka yake. Akaahidi zawadi kwa shule.

Madawati.

Jumatatu, 1 Septemba

Madam Severina ameniita. Nabaki na muziki, ila pamoja na Eveline, na ni marufuku kuweka jina la mgeni rasmi kwenye wimbo wa mahafali. Nikakubali kwa moyo wote. Nikamfuata Eveline nikamshukuru, na nilimaanisha. Akasema si kitu, wale ni watoto wetu sote. Mwanamke mwema yule, nilimdhania vibaya. Nimejifunza somo kubwa. Sitasahau.

Saa ya chai zikaja habari. Siku ya wazazi ni Novemba, na mgeni rasmi ni Mzee Sedekia Bujiku wa Makongolosi. Mchimba dhahabu. Dhahabu!

Tuelewane. Madam Severina alikataza kwenye mahafali. Siku ya wazazi si mahafali. Na safari hii nimekuwa makini, nimempigia simu mapema kabisa kuuliza kama atakuja yeye mwenyewe. Amesema bila shaka.

Se-de-ki-a Bu-ji-ku. Saba! Kasoro ni moja tu, Novemba la saba watakuwa wameshaondoka, madarasa yatabaki sita, na "ku" haina wa kuiimba.

Nimempa Madam Eveline.