Jinsi Hezekia Alivyomsetiri Mama Mkwe kwa Balbu

Enyi wana wa Usambara, wachuma chai na wapiga mbiu ya Chama, tulieni! Wekeni chini majembe ya shamba la kijiji, ambayo hata hivyo mlikuwa mmeyaegemea tu. Nawaletea habari ya Hezekia mwana wa Sefania, simba wa Lushoto, karani wa ushirika, mtu ambaye hajapata kuua hata panya, lakini siku moja alikwenda dukani kununua balbu, naye akarudi na balbu.

Shujaa huyu alikaa katika nyumba iliyoachwa na setla wa kizungu. Darini mwa sebule ilining'inia taa ya mikono mitano, yenye vitundu vyembamba vya kupokea balbu za umbo la mshumaa. Zilizokuwamo ziliungua zamani. Hezekia, kwa uhodari wake usio kifani, akatundika kando yake balbu moja kubwa, kali kama jua la Mombo. Chini ya jua hilo alifika mama mkwe wake, Bibi Yudith wa Bumbuli, kumwona mjukuu wake Mika. Nanyi mnajua adabu zetu: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mama wa watu akakimbilia jikoni, akakaa na moshi ziara nzima, akarudi kwao anakohoa.

Sasa alikuwa anakuja tena, jioni ya siku ile ya balbu. Dorkasi, mke wa shujaa, akasimama mlangoni akanena: "Baba Mika, mama yangu akikaa jikoni tena, nafunga mizigo yangu naondoka naye. Na giza silitaki, asije akajikwaa akavunjika nyonga. Umesikia?"

"Nimesikia," akanguruma simba, kwa sauti ndogo mno.

Akalivamia duka la ushirika, ngome ya Mzee Mbaraka, mlinzi mkuu wa rafu tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sukari hakuna."

"Sikujia sukari. Naomba balbu za mfano wa mshumaa."

Mbaraka akashika kiuno, akahutubia kama yuko jukwaani: "Ndugu karani! Taifa linajitegemea, wananchi wanatoa jasho milimani, nawe unataka mapambo ya mabwanyenye? Zimelala hapa tangu wazungu waondoke, kwa kuwa hakuna mjamaa aliyezitamani!"

"Mzee wangu," Hezekia akasema, jasho likimtiririka, "mama mkwe anakuja leo."

Mbaraka akatoa mikono kiunoni. Naye alikuwa na mama mkwe. Akashusha maboksi mawili: moja la balbu angavu kama maji, jingine la balbu nyeupe kama maziwa. Shujaa, kwa kupenda makuu, akazikamata zile angavu. Lakini hapa kwetu balbu haitoki dukani bila kujaribiwa, basi Mbaraka akachomeka moja kwenye holda ya kaunta. Lo! Hezekia akamwona mzee yule mpaka nywele za puani, akarudi nyuma kama jeshi lililoshindwa.

Ikachomekwa ya maziwa. Uso wa Mbaraka ukafifia, kikabaki kivuli chenye kofia.

"Hizi hizi!" akapaza sauti shujaa. "Hata wewe mzee unapendeza!"

"Hebu toka dukani kwangu," akasema Mbaraka, huku akizifunga kwenye gazeti.

Jioni ile balbu kubwa ikaondolewa, taa ya mikono mitano ikawaka. Nilikuwapo, nilikwenda kuazima chumvi nisiyoihitaji. Bibi Yudith akaingia, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, akasita mlangoni. Dorkasi akamsogezea kiti. Bibi akaangalia juu, akaangalia kiti, akaketi. Sebuleni! Hezekia alikuwa pembeni, amelikodolea macho kabati. Chai ikanywewa.

Ndipo bibi akafungua kinywa, akimwelekea binti yake, maana kumwelekea mkwe haifai.

"Dorkasi, mwambie mumeo ahsante sana. Safari hii sijamwona kabisa."

Simba akalia machozi mbele ya kabati. Andikeni, enyi waandishi wa historia! Hakuna mwanamume wa milima hii aliyepata kusifiwa na mama mkwe wake kuliko hapo.