Sukari ya Kumrudisha Namalwa

Alhamisi, 28 Julai 1949. Kitale.

Nimepata ruksa! Memsaab amenipa mpaka Jumatatu jioni. Akasema nikichelewa ataandika mpishi mwingine. Nilicheka kwa roho tu. Mpishi gani? Keki yangu ikitoka kwa oveni, wazungu wa Soy wanainua pua wakiwa kwao na kuulizana leo Murunga anapika nini.

Naenda nyumbani Kiplombe, pale nje ya Eldoret, kuona mjukuu. Msichana! Mtoto wa Elphas wangu na bibi yake Nanzala. Sijamwona lakini wanasema tumefanana. Maskini mtoto.

Shida ni moja. Jina.

Sisi Wabukusu mtoto hapewi jina ovyo ovyo. Analia, mama mzee anamshika, anaita majina ya watu wetu waliokufa. Mmoja, mwingine, mwingine. Jina ikiitwa mtoto akanyamaza, basi, huyo ndiye amerudi. Imeisha.

Mimi nataka Namalwa. Bibi yangu. Mama ya Elphas. Alikufa akaniacha wakati ule mvua ya mawe iliharibu mahindi, na tangu siku hiyo hakuna mtu anaita hiyo jina kwa boma yetu. Wajukuu wengine wote ni vijana wa kiume. Nilikuwa nikimaliza hadithi yangu ya vita ya Mjerumani, vile nilifukuza kifaru wa porini na sufuria, watu wote wamefungua mdomo, Namalwa anauliza swali moja tu, polepole. "Na sufuria ulipewa na nani, kama wewe ulikuwa wa kubeba risasi?" Hadithi inakufa hapo hapo. Sasa hakuna anayeuliza. Hadithi zinaenda tu kama ng'ombe bila mchungaji.

Lakini mkwe wangu Kituyi, baba ya Nanzala, anatoka Yamumbi Jumamosi na jina ya mama yake, marehemu Nabwire. Mama mzuri, Mungu amlaze. Alikuwa anapiga watu na mwiko. Mkwe hasemwi vibaya, kwa hivyo nimeandika tu.

Nimeshapanga. Sukari! Namalwa akiitwa, kidole yangu yenye sukari inagusa mdomo ya mtoto. Ananyamaza. Nani atajua? Sukari kidogo ya Memsaab imeingia kwa leso yangu yenyewe, mimi nilikuwa naangalia dirisha.

Ijumaa, 29 Julai 1949. Kiplombe.

Treni. Sitaki kuongea juu ya treni.

Haya, nitaongea. Nilikaa chini pale stesheni ya Kitale na leso ya sukari kwa mfuko wa suruali. Siafu wakasikia harufu. Walingoja treni iondoke ndipo wakaanza kazi. Wajanja! Nikaruka. Nikapiga mguu yangu. Nikapiga kelele. Mama mmoja akasema Mzee ameingiwa na Roho, akaanzisha wimbo. Behewa zima likaimba. Nilishindwa kueleza, nikaimba nao. Nimeruka mpaka Soy. Watu wawili waliniomba niwaombee na nikawaombea. Niliomba vizuri sana.

Kutoka stesheni, matope mpaka magoti. Baridi ya Eldoret bado iko vile niliiacha.

Nimemwona! Kichwa inaingia kwa kiganja yangu kama yai. Mimi nimeshika makaa kwa mkono, nimeshika chatu nikifikiri ni kamba, sikuogopa. Leo mikono ilitetemeka. Elphas akaniuliza kama ni baridi. Nikasema ndiyo, baridi.

Nimefanya mazoezi. Analia, nachovya kidole, namwambia kwa sikio, Namalwa. Ananyamaza. Tena. Tena. Kazi safi!

Nanzala akaingia, akaniuliza kwa heshima, Papa, mbona kidole iko kwa mdomo ya mtoto. Nikamwambia kule jeshini tulikuwa tunapima meno namna hii. Akasema mtoto hana meno. Nikamwambia ndiyo maana inafaa kupima mapema.

Jumamosi, 30 Julai 1949.

Balaa.

Wazee wamefika asubuhi. Kituyi na koti nyeusi na ile kofia yake ya kitambaa kizito anayovua tu kanisani na kwa kulala. Tumesalimiana vile wakwe wanasalimiana, macho chini, maneno matamu, mimi nikimtakia homa ndogo ya mchana mmoja tu.

Dada yangu mkubwa Rael ndiye anaita majina. Huyu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo na mpaka leo anafikiri bado amenibeba. Akakaa kwa kiti, akawekewa mtoto kwa mapaja. Wote wakangoja mtoto alie.

Mtoto halii!

Nimemshibisha sukari jana, amelala kama mzee wa baraza. Chai ikaisha. Ndizi zikaisha. Rael akamfinya mguu kidogo. Akatabasamu. Watu wakaanza kuangaliana. Kituyi akasema kwa upole kwamba mama yake Nabwire pia alikuwa mtu wa utulivu. Mtu wa mwiko!

Jua likiteremka akaamka na kilio kikubwa. Mimi nikasogea haraka, kidole tayari mgongoni, sukari tele. Nilijua Rael ataanza na watu wetu. Mimi ndiye mwenye boma!

Hapana. Rael akasema wageni kwanza, ni heshima. Akaita, Nabwire!

Kidole ikaenda yenyewe. Naapa. Mimi bado nilikuwa nafikiria, kidole ikaondoka.

Kimya. Mtoto ananyonya kidole yangu, macho yamefunguka, ametulia kabisa. Wamama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatoka kwa boma. Kituyi akalia machozi ya kweli. Akashika mkono yangu kwa mikono yake yote miwili, akashukuru. Akasema mkono yangu inanata. Nikamwambia ni upendo.

Nimeenda nyuma ya nyumba, pale kwa miti ya miwati, mahali Namalwa amelala. Nimemwambia nimeharibu. Ningependa aniulize swali moja. Upepo tu.

Mvua imefunga barabara ya Yamumbi. Kituyi analala kwetu! Anaita Nabwire, Nabwire, kutoka chumba ile ingine, hata mtoto akiwa amelala.

Jumapili, 31 Julai 1949.

Kanisani kila mtu ananipa mkono kwa sababu ya Nabwire. Nimechoka kupewa mkono.

Baadaye nimeenda kumsalimia rafiki yangu Kiptoo, yule Mnandi anayechunga ng'ombe wa Kaburu. Tumejuana tangu tukiwa na meno yote. Nikamweleza kila kitu. Alicheka mpaka akalala kwa nyasi. Ng'ombe wakamwangalia. Akaniambia mimi ndiye mzee wa kwanza kuuza bibi yake kwa kijiko ya sukari.

Halafu akasema kitu. Kwao mtoto hanyamazi, anapiga chafya! Majina ya wazee yanaitwa, mtoto akipiga chafya, amekubali. Na akilala sana, wanasaidia na ugoro kidogo.

Ugoro! Sasa hii udongo ya Kiplombe ni ya nani tangu zamani? Ya akina Kiptoo. Kwa hivyo chafya ya hapa ina nguvu kuliko kunyamaza kwa Bukusu. Kiptoo akasema hiyo siyo sheria yoyote anayojua. Nikamwambia yeye ni mtu wa ng'ombe, sheria aniachie mimi. Akanipa ugoro, akicheka.

Wakati wa chakula. Nanzala amekaa nje na mtoto, Kituyi karibu yake, wazee wote wako. Nikaweka ugoro kwa kiganja. Kidogo tu, kama chumvi ya yai. Nikafungua mdomo niite Namalwa, nikapuliza.

Upepo wa Eldoret hauna adabu. Ukageuka.

Mtoto hakupata hata kidogo. Kituyi alipata yote. Akapiga chafya, kofia ikaingia kwa sufuria ya mboga. Akapiga tena, koti ikafunguka. Mimi pia. Rael pia. Jogoo pia, niliona! Sasa kama ni sheria ya chafya, Namalwa amerudi kama mkwe wangu Kituyi. Afadhali nife.

Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Kituyi, macho mekundu kama pilipili, akamwita Nabwire kwa sauti ya upole. Akalia zaidi. Rael akaita Nabwire. Akalia zaidi. Ziwa ya mama alikataa. Wazee wakaangaliana. Jina imekataliwa!

Ningefurahi. Ndivyo nilivyofikiri. Lakini alilia mchana wote mpaka sauti ikakauka, ikabaki kama mlango wa zamani. Rael akaita watu wetu wote na wao wote. Alipofika kwa Namalwa hata mimi niliegemea mbele. Akalia tu. Akamkataa hata Namalwa. Nanzala naye alikuwa analia sasa. Rael akaniambia niende nikae na ndama, na mikono yangu niende nayo.

Nimekaa na ndama. Sukari imebaki kwa leso. Sikuigusa. Nimewapa siafu wa hapa, ni ndugu za wale wa Kitale.

Jumatatu, 1 Agosti 1949.

Naandika kwa treni, herufi zinaruka, si mimi.

Asubuhi mtoto bado. Ananyonya kidogo, analia. Wanawake wamechoka, macho yameingia ndani. Nikamwambia Nanzala alale kidogo, mtoto ampe Kuka yake, ni mimi babu. Aliangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeosha na majivu na sabuni, nikamwonyesha mbele na nyuma. Akanipa.

Nikamfunika na koti, tukatoka. Jua ilikuwa inaanza, umande kwa mahindi. Saa ya treni inakaribia, na mimi siendi kazini bila kuaga nyuma ya nyumba. Nikasimama pale kwa miwati na mtoto analia kwa kifua yangu. Nikaaga vile naaga siku zote. Nikasema, haya Namalwa, mimi naenda. Kitale ni baridi. Kazi ni ile ile. Nikamwambia juu ya siafu na wale watu niliwaombea. Nikamwambia tena ya kifaru, kwa sababu nikiaga lazima nimwambie ya kifaru. Vile nilipiga sufuria, vile alikimbia mpaka akavuka mto, akaenda Uganda na hajarudi.

Nilipomaliza nikasikia kimya.

Nikaangalia chini. Mtoto ananiangalia. Si kuangalia ya mtoto. Uso umekunjwa hapa katikati, mdomo umeenda kando kidogo. Mimi naijua hiyo sura! Nimeishi na hiyo sura miaka yote ya ndoa. Ni ile ya kabla ya swali.

Nikasema, Namalwa?

Akapumua sana, akalala.

Nikageuka. Kituyi amesimama kwa kona ya nyumba bila kofia, bado inakauka. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akaja polepole, akaniomba radhi kama mkwe, akashika mkono yangu. Akanusa kidole. Kimoja kimoja! Akanusa hata kidole gumba. Kisha akanusa mdomo ya mtoto. Akasimama akaangalia kaburi.

Akasema sabuni tu.

Halafu yeye mwenyewe, Kituyi, akaenda kumwamsha Rael. Akamwambia mama yake Nabwire hakuwa mtu wa kusikiliza hadithi ya kifaru mpaka mwisho, angekuwa amechukua mwiko. Akasema huyu mtoto si wake kuita, mwenyewe amekuja. Kanisani wamwandike Rosebella, ni sawa, lakini nyumbani ni Namalwa. Nikataka kusema asante, nikapiga chafya. Ugoro ilibaki kwa koti.

Elphas amenisindikiza stesheni. Njiani tukasikia nyuma yetu Nanzala anaita kwa uwanja, Namalwa, Namalwa wangu, amka unyonye. Tulisimama wote wawili kwa matope tukijifanya tunafunga viatu. Mimi sina viatu vya kufunga.

Jumanne, 2 Agosti 1949. Kitale.

Kazini. Memsaab ameuliza kama siafu wanapenda sana kabati yake siku hizi. Nikamwambia ni mvua.

Nimekaa nikifikiria sana vile mambo ilienda. Watu wa nyumbani watasema mtoto alichagua mwenyewe. Wasijidanganye. Ni sukari! Ile ya Ijumaa. Nilimpa na jina kwa sikio, mara nyingi, ikakaa tumboni Jumamosi, ikakaa Jumapili, Jumatatu ikafika kichwani. Sukari ya Kitale inafanya kazi polepole lakini inafika. Na ugoro ilimfungua masikio. Mimi nilipanga yote. Kidole tu ndiyo ilikosea siku.

Elphas aliniambia pale stesheni wakipata kijana wataanza kutafuta jina tena. Nimefikiria hapo. Murunga ni jina nzuri, ya nguvu. Lakini lazima nikufe kwanza. Hii sheria imenikalia vibaya. Nikifa nitamwonaje?

Nimeshapata dawa yake. Mtoto akizaliwa nitatuma salamu nyumbani kwamba nimekufa Kitale, kifo kizuri tu, cha usingizini. Watalia. Kituyi atalazimika kunisema vizuri. Wataita Murunga, mtoto atanyamaza, jina imeingia. Halafu Jumamosi nashuka kwa treni na keki.

Kiptoo ndiye ataleta habari ya kifo. Lazima afundishwe kulia bila kucheka. Na sukari nimeanza kuweka, kidogo kidogo. Safari hii iko kwa chupa.