Mkono wa Mbao wa Kuchumia Chai

Jumatatu, 12 Juni 1995. Kapsoit.
Aibu! Abigael wa Kidato cha Tatu ameuliza matriksi ni za nini. Zile namba zinazopangwa ndani ya mabano, nimezifundisha miaka minne. Nikajibu ni za kupita mtihani. Darasa likacheka. Mwalimu mkuu, Bi. Tecla, alikuwa dirishani. Amesema Ijumaa nieleze zilitoka wapi na zina kazi gani, la sivyo darasa langu litapewa Nganga wa fizikia. Nganga! Ananyoosha tai hata akienda chooni. Nalipenda darasa lile. Bila hilo sijui nitakuwa naamka kufanya nini.

Jumanne, 13 Juni
Nimeazima kitabu cha Nganga. Yeye hajui. Ajabu! Mwaka 1955 Denavit na Hartenberg, wahandisi huko Marekani, walionyesha kwamba namba nne zatosha kueleza kiungo cha mashine. Namba hizo unazitia katika matriksi. Ukizidisha matriksi za viungo vyote kwa mfuatano wake, unajua ncha ya mashine iko wapi. Watu wa roboti wakaja kuitumia hesabu hiyo baadaye. Nilisoma nimesimama. Mpango: mkono wa mbao utakaochuma chai, majani mawili na chipukizi! Nganga atatafuna chaki.

Jumatano, 14 Juni
Mbao za zizi. Bolti za baiskeli. Mkasi. Ulikosekana mti ulionyooka, nikachukua ufito wa mama, ule anaoulaza juu ya michai ili achume usawa. Leo amechuma kwa kukisia. Karani wa kituo cha majani amemkatalia nusu kikapu. Mama akauliza, “Wewe mwalimu, ufito wangu umeupeleka wapi?” Nikasema ni mambo ya sayansi. Sikupewa mursik, maziwa yetu ya mgando. Nimeumia kweli, lakini Ijumaa iko karibu.

Alhamisi, 15 Juni
Hesabu tayari. Bega, kiwiko, kifundo. Nimezidisha kuanzia vidoleni, kwa sababu kila mtu wa huku anajua chai huanzwa na vidole, bega hufuata. Abigael akauliza kama si afadhali tuanzie begani, maana mimi mwenyewe niliwafundisha kuwa ukigeuza mfuatano jibu hubadilika. Nikamwambia hajawahi kuona roboti. Wala mimi, lakini sikusema.

Ijumaa, 16 Juni
Historia ilikwenda vizuri mno! Kisha tukatoka hadi shamba la chai la shule, Bi. Tecla na Nganga wakitazama. Nikapima pembe, nikakaza bolti, nikavuta kamba. Mkono ukaipa chai mgongo, ukazunguka, ukakata tai ya Nganga chini tu ya fundo. Nikajua nimekwisha. Nganga akaokota kipande chake, akaandika mfuatano sahihi kwa kijiti udongoni, kuanzia begani. Akasema hajawahi kusikia matriksi zikielezwa kwa utamu hivyo, nibaki na darasa langu. Niliona haya karibu nilie. Bi. Tecla amekubali, mradi Abigael akague hesabu zangu na nisiunde mashine tena. Nimeapa.

Jumamosi, 17 Juni
Ufito nimerudisha. Kitabu pia. Moyo mweupe kabisa. Nimefikiri sana na kosa nimeliona: si mfuatano. Ni mbao! Kinachotakiwa ni chuma. Cherehani ya mke wa mchungaji ni chuma kitupu. Sijamwomba bado. Yuko Silibwet hadi Jumatatu.